Hatua Nne Kuelekea Bondeni

Fundi Aristides alipoanza kupigilia vigingi vya kanisa, Restuta alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alikuwa akiusikiliza mlio wa nyundo kwa furaha, maana mumewe alikuwa ameungoja kwa miaka mingi. Kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilipopigwa, sauti ilitokea upande wa juu wa kibanja chao cha migomba, upande ambao hakuutarajia hata kidogo. Kisu kikamtoka mkononi kikatumbukia kwenye maji ya ndizi.

Alitoka nje na mikono yake myeusi ya utomvu. Kule juu, mahali migomba inapokoma na mibuni ya zamani inapoanza, fundi alikuwa amevuta kamba nyeupe kutoka kigingi hadi kigingi. Kamba ilipita ubavuni mwa omuramura, ule mti mwembamba wa majani marefu ambao watu wa Karagwe huupanda mipakani ili pasitokee ubishi. Ilipita karibu mno hata majani yakawa yanaigusagusa kila upepo ulipovuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Mbona huku juu? Si ilikuwa mjenge kule karibu na njia?"

"Karibu na njia kuna mwamba. Mzee amenionyesha mwenyewe juzi, akasema tuanzie kwenye huu mti, tushuke hatua tisa. Kesho asubuhi vijana wanachimba msingi." Aristides alikuwa kijana wa Kayanga, Mkatoliki, mcheshi, mwenye penseli sikioni hata siku za Jumapili. Aliupiga mti kofi kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni. "Na huyu naye tutamng'oa. Mizizi yake itatusumbua ukutani."

 Restuta alisimama akiangalia pale chini ya mti.

Pale alilala mtoto wake wa kwanza. Alikuwa wa kike, na aliishi siku kumi na tisa. Ilikuwa miaka thelathini na moja iliyopita, wakati mumewe, Mutalemwa, yuko mbali anafanya kibarua katika mji mmoja wa pwani. Kwa desturi ya wakati ule, kitoto ambacho hakijaota meno hakikuliliwa msiba. Hapakuwa na matanga, na jirani alipita akasema pole akaendelea na safari yake. Mama mkwe ndiye aliyechukua jembe asubuhi, akarudi kabla umande haujakauka, akanawa mikono, akamwambia mkwewe kwamba yamekwisha, asije akamwambia Mungu maneno mabaya. Baadaye, Restuta alipopata nguvu, alikata tawi la omuramura akalichomeka mahali alipoambiwa. Tawi likashika.

Mutalemwa alirudi mwaka uliofuata. Alimlilia mtoto jioni moja, akiwa amekaa kitandani na viatu vyake, lakini hakuuliza amezikwa wapi. Mti alipouona alidhani mama yake ameupanda kuonyesha mpaka. Kisha akazaliwa Ainebyona, na baada yake wengine watatu, na kila mtu aliyemwita Restuta alimwita Mama Ainebyona, kana kwamba hesabu ya watoto wake ilianzia hapo.

Huko pwani Mutalemwa alikuwa amewabebea mchanga na maji mafundi waliokuwa wakijenga kanisa dogo la Wamethodisti. Lilikuwa karibu na bahari kiasi kwamba chumvi iliota ukutani kabla ya lipu. Yeye aliifanya kama kazi nyingine yoyote ya kutwa. Lakini mchungaji wa pale alikuwa akija saa sita, anakaa mchangani pamoja na vibarua, anakula nao mihogo yao bila kuchagua kipande, na siku kanisa lilipokwisha Mutalemwa aliingia ndani kama muumini. Tangu hapo hakuonja pombe. Alirudi kijijini kwao Nyakakika na Biblia mpya, akajikuta Mmethodisti peke yake kati ya Walutheri na Wakatoliki. Ilichukua miaka kupata familia kumi. Walisali uani kwake, chini ya turubai la bluu, na mvua ikinyesha sana walisali ndani, wengine wamekaa kitandani.

"Madirisha matatu kila upande," Mutalemwa alikuwa akiwasimulia, Jumapili baada ya Jumapili, "na mlango mmoja mpana unaotazama maji."

Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja na matofali yalikuwa tayari. Kila familia ilifyatua yake, ikayachoma, ikayabeba kichwani hadi kwake.

Restuta angeweza kusema pale pale: fundi, hapa pana kaburi. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Lakini alijua yangekwenda wapi. Yangemfika Rwegoshora, kaka mkubwa wa Mutalemwa, kabla jua halijazama.

Kibanja cha ukoo hakitolewi kwa watu wa nje bila ndugu kukubali, na ndugu huombwa kwa taratibu zake. Mwombaji huenda na kibuyu cha rubisi, watu wanakaa, wanakunywa pombe ile ya ndizi polepole, wanazungumzia mvua na ng'ombe, na jambo lenyewe linafika mwisho kabisa kama mgeni aliyechelewa. Mutalemwa alikwenda kwa kaka yake na kreti la soda. Alisema dini yake haimruhusu hata kuibeba pombe. Rwegoshora alilitazama lile kreti lililowekwa katikati ya sebule, soda za machungwa zimepangwa vizuri, akauliza, "Nani amepata kipaimara?" Wanawe walicheka. Kisha akasema, bila kucheka, "Kibanja ni chako, jenga. Lakini siku nikisikia umechimba penye mfupa wa ukoo, mimi na wewe tutaonana."

Soda hakuna aliyeifungua. Kreti lilirudishwa kesho yake.

Kwa hiyo akisema, kanisa limekufa. Restuta alisogea nyuma ya migomba, akaitoa simu kwenye mfuko wa gauni. Mutalemwa alikuwa Kayanga kwa Ainebyona, akifuatilia kibali na mabati, na asingerudi kabla ya siku tatu. Alilitafuta jina lake, akalipata. Angemwambia yeye tu, kwa siri, kisha waamue pamoja. Kidole chake kilikaa juu ya lile jina. Akifikiria atakavyoanza, likamjia jambo ambalo hakutaka kulifikiria: kwamba mumewe angelazimika kuchagua, na yeye, baada ya miaka yote hii ya kulala kitanda kimoja, hakuwa na hakika angechagua nini.

Akairudisha simu mfukoni, akamrudia fundi.

"Mzee amebadilisha," alimwambia Aristides. "Anasema msogeze. Hatua nne kuelekea bondeni."

"Amesema lini?"

"Sasa hivi, kwa simu. Na mti msiuguse."

"Mbona hajanipigia mimi?"

"Salio lilimwishia."

Aristides aliangua kicheko. "Kumbe hata watakatifu wanaishiwa salio!" Akaanza kung'oa vigingi, anapiga mluzi. Restuta alirudi jikoni. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa jina la mumewe na ulitoka mdomoni kirahisi hata ukamtisha.

Hatua nne kuelekea bondeni palikuwa na shamba lake la maharage. Alilima pale tangu alipoolewa. Chini yake palikuwa na mfereji wa zamani ulioota nyasi, na ng'ambo ya mfereji ndiko kwa Rwegoshora. Kamba mpya ilikomea mbali kabisa na mfereji. Hakuona kosa lolote zaidi ya kupoteza maharage, na maharage yake ni nani angeyalilia.

Msingi ukachimbwa. Wanawake walibeba mawe kutoka mlimani, na aliyewachekesha njia nzima alikuwa bibi Mukakalisa, mjane wa miaka sabini na kitu. Alikuwa amehamia Umethodisti, alivyosema mwenyewe, kwa sababu huko kwingine mahubiri yalikuwa marefu na magoti yake mafupi. Alibeba jiwe moja dogo kila safari na kulitangaza kama tenga la ndizi.

Mutalemwa aliporudi kwa bodaboda, mawe ya msingi yalikuwa yamekwisha kulala. Watu walikuwa wakiimba. Restuta alimwona akishuka, akiwasalimia mmoja mmoja, kisha akaenda moja kwa moja kwenye omuramura. Kutoka pale alishuka polepole, miguu yake ikipima, mpaka ukingo wa chini wa msingi. Akasimama hapo muda mrefu, anaangalia maharage yaliyokatwa na yale yaliyobaki. Restuta alikuwa ameshika ndoo ya maji na hakuweza kuiweka chini.

"Mawe yamelala vizuri," Mutalemwa alisema mwishowe.

Hakuuliza kitu. Restuta alimshukuru Mungu, akadhani jambo limepita.

Baada ya hapo zikaja wiki ambazo angependa kuzikumbuka zenyewe tu, bila kilichofuata. Kuta zilipanda. Saruji ilitumika kwenye pembe tu na kwingine walijengea udongo, lakini Aristides alikuwa na mkono mzuri na mistari ilinyooka kama imechorwa. Madirisha yalipoanza kuonekana, matatu huku na matatu kule, Mutalemwa aliingia ndani akasimama mbele ya kila moja, akitazama nje, na alipofika la mwisho alijifuta macho kwa kofia.

"Mutalemwa," bibi Mukakalisa alimwita, "bahari yako iko wapi? Mlango huu unatazama mafunjo tu na vyura!"

"Maji ni maji, bibi."

"Hao vyura watatushinda kuimba."

"Basi tutawabatiza."

Watu walicheka mpaka Aristides akaweka mwiko chini. Jioni hiyo Restuta alikwenda peke yake kwenye omuramura akasimama kidogo. Ukuta wa juu ulikuwa umepita hatua nne kutoka pale. Aliona kama mtoto amepata jirani.

Rwegoshora alikuja Jumamosi moja mwezi wa saba, ukuta ukiwa usawa wa madirisha. Hakuja peke yake. Alikuja na wanaume watatu wa ukoo na mzee Gaspari, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pia ndiye pekee aliyebaki hai kati ya mashahidi wa mgawo wa urithi wa baba yao. Gaspari aliingia ndani ya kanisa lisilo na paa, akatafuta pa kukaa, akaligeuza karai la fundi akalikalia. Majirani nao hawakukosa. Walijaa madirishani, kila dirisha vichwa vinne vitano, wamekaa kama picha kwenye fremu.

"Sina maneno mengi," Rwegoshora alianza. "Mimi ni Mlutheri, sijasoma kama ndugu yangu. Baba alipotugawia, alisema langu linaanzia pale ardhi inapoanza kuinamia bonde. Si kwenye mfereji. Mfereji niliuchimba mimi, kuzuia maji. Gaspari, nimesema uongo?"

"Hujasema uongo," Gaspari alisema, akakohoa. "Jiwe la alama nililikanyaga mwenyewe. Liko wapi sasa?"

"Liko chini ya ukuta wa mhubiri," Rwegoshora alijibu.

Vicheko vikatoka madirishani.

Restuta alikuwa amesimama karibu na mlango pamoja na wanawake.  "Lakini shemeji," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo, "maharage nimelima mimi hapo miaka yote."

Rwegoshora alimgeukia, na hapo uso wake ulilegea kidogo. "Ulilima, shemeji. Nilikuachia. Mume alikuwa pwani, una njaa, nikasema mwache alime. Kwani ningekunyang'anya?"

Hakuna aliyewahi kumwambia. Siku ya mgawo wanaume walizunguka kibanja na mashahidi wao, na wake wa nyumba hiyo waliambiwa wabaki jikoni wapike. Alipewa jembe akaonyeshwa pa kulima, na hakuna aliyeona haja ya kumwonyesha mpaka. Miaka thelathini na zaidi alikuwa akitia mbolea kwenye wema wa mtu bila kujua.

"Mutalemwa," Gaspari aliuliza, "ulijua mpaka uko wapi?"

"Nilijua."

"Na msingi ni wewe uliyeamuru uchimbwe hapa?"

Mutalemwa alimtazama Aristides, akatazama ukuta. Restuta alielewa kwamba mumewe hakujua ni nani aliyesogeza, na kwamba siku zote hizo alikuwa akidhani fundi amekosea, na kwamba hata sasa hakutaka kumtia fundi matatani.

"Mwenye jengo ni mimi," alisema.

"Ndiye huyo!" Rwegoshora alipaza sauti. "Kila Jumapili anawaambia usiibe, usitamani, na mguu wake mmoja umekanyaga shamba la kaka yake! Alikataa kukaa na mimi tuzungumze kama watu. Aliniletea soda, kama mimi ni mtoto wa shule. Kumbe alikuwa ananipima."

"Mwizi wa ardhi anahubiri," mtu alisema dirishani, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia.

 Mutalemwa aliinamisha kichwa. Restuta aliona shingo yake kwa nyuma, mikunjo yake, na kola ya koti ambayo yeye mwenyewe aliigeuza akaishona upya mwaka jana. Jina la mwizi wa ardhi halifutiki kule kwao. Hufuata watu makaburini, na watoto wao huolewa kwa shida. Akajua kwamba akinyamaza sasa, ataendelea kunyamaza mpaka afe.

"Ni mimi," alisema.

Gaspari alikunja uso. "Sema kwa nguvu, Mama Ainebyona."

"Ni mimi niliyesogeza. Mzee alikuwa Kayanga. Nilimdanganya fundi kwamba amepiga simu. Sikujua mpaka, wazee wangu, nilidhani ni mfereji. Nilisogeza kwa sababu..." Alinyoosha mkono kuelekea juu. "Pale juu kwenye omuramura pana mtoto."



"Mtoto gani?" Mutalemwa aliuliza.

Alikuwa amegeuka. Alimtazama mkewe kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyo mbali.

"Yule wa kwanza, Baba Aine."

 Aristides alikuwa ameitoa penseli sikioni na anaigeuzageuza. Mzee Gaspari ndiye aliyerudi kwanza kwenye shughuli, kwa sauti ya chini zaidi.

"Basi, Mutalemwa, mkeo amekutoa hatiani. Hukuiba."

 Lakini Mutalemwa alitikisa kichwa.

"Hajanitoa. Nilirudi kutoka Kayanga, nikapima kwa miguu yangu, nikaona tumevuka. Siku ile ile. Mawe yalikuwa yamelala, watu wanaimba. Nikasema moyoni, acha nipaue kwanza, nikishapaua nitakwenda kwa kaka. Nani anabomoa kanisa lenye bati?" Alisema hayo bila kumtazama mtu. "Nilijua, nikanyamaza. Mwandike hivyo."

Rwegoshora alikuwa amekuja akiwa amejiandaa kwa ubishi, na sasa ubishi haukuwepo. Alisimama na mikono yake mikubwa ikining'inia.

"Ungekuja kuniomba," alisema, "ningekupa. Hata siku ile ya pili. Ungekuja hata na hiyo soda yako." Alingoja, kana kwamba anataka mtu ampinge. "Lakini sasa siwezi. Nikikuachia leo watasema nimeshindwa na ukuta."

Uamuzi haukuchukua muda. Ukuta wa chini uondoke kabla ya Jumamosi inayofuata. Kurudi juu hatua nne hakuwezekani, maana sasa kaburi limejulikana, na kati ya ukuta wa juu na mpaka palibaki hatua tano tu, upana wa banda la mbuzi. Wale watatu wa ukoo walisema kibanja hicho hakitatoa pembe nyingine kwa kanisa lolote. Gaspari aliinuka kutoka kwenye karai, akajifuta saruji matakoni, akamshika Restuta mkono kwa mikono yake miwili. "Pole kwa msiba," alimwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia hivyo sawasawa, na miaka thelathini na moja ilikuwa imepita.

Wiki ile Mutalemwa alizungumza na mkewe kuhusu chumvi, kuhusu mbuzi mwenye mguu mbaya, kuhusu mvua. Alikula alichopikiwa. Usiku alilala akitazama ukuta. Restuta alingoja amgombeze na kila asubuhi alijiandaa upya, lakini kugombezwa hakukuja, na akagundua kwamba angependelea kugombezwa kuliko huku kuulizwa kwa upole kama chai ina sukari. Jumapili turubai lilifungwa uani kama zamani. Zilikuja familia nne. Nyingine zilionekana njiani, zimevaa vizuri, zinaelekea kwa Walutheri, na watoto wao walipunga mikono.

Jumamosi walianza kubomoa asubuhi. Waliamua kushusha kuta zote, maana kanisa lenye ukuta mmoja uliokatwa lingekuwa kichekesho. Aristides alikuja bila kuitwa na bila kutaja malipo. Alimpita Restuta mara mbili kabla ya kumsemesha.

"Mama, ulinitazama usoni ukaniambia mzee amesema."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ungeniambia kuna mtoto. Ningezungusha hata msingi wa duara." Alisema kwa hasira, na macho yake yalikuwa mekundu, labda ni vumbi. "Mama yangu naye ana mmoja wa hivyo. Yuko nyuma ya choo. Nani alijua patajengwa choo?"

Udongo haukushika matofali kwa nguvu. Yalitoka moja moja, mengi yakiwa mazima, na bibi Mukakalisa aliketi chini akiyakwangua kwa kisu cha ndizi. Hakutania. Alisema mara moja tu, "Haya yangu nayajua, yamepinda kama mimi," kisha akaendelea kukwangua, na hakuna aliyecheka.

Matofali yalipaswa kupangwa mahali ambapo wenyewe wangeyachukua. Upande wa bonde ulikuwa wa Rwegoshora na katikati palijaa vifusi, kwa hiyo vijana wakawa wanayapeleka juu. Rundo lilianza kwenye mibuni, likaongezeka, likakaribia omuramura, na hakuna aliyekusudia ubaya. Walikuwa wamechoka wakaweka palipokuwa karibu. Kufikia saa tisa mti ulikuwa umezungukwa mpaka kiunoni.

Restuta aliona. Alisimama na karai lake kichwani. Alikuwa amesema neno moja mbele za watu na kanisa likaanguka. Hakuwa na nguvu ya kusema lingine. Watu wakaanza kuaga. Walisema tutaonana, Bwana akipenda, wakashuka na njia, kila mmoja akiwa amebeba matofali mawili matatu kana kwamba ni aibu kuondoka mikono mitupu.

Mutalemwa alikuwa wa mwisho kubaki. Alivua koti, akalitundika kwenye mbuni, akaenda kwenye rundo. Akachukua matofali mawili, akayabeba hadi kwenye vifusi katikati, akayaweka. Akarudi, akachukua mengine mawili. Restuta alimtazama safari tatu ndipo alipoelewa. Akaweka karai chini akaanza naye.

Walifanya kazi bila kusemezana, wakipishana njiani. Jua liliingia nyuma ya mlima na ukungu wa bonde ukaanza kupanda kutoka kwenye mafunjo. Rundo lilipofika chini, udongo ulionekana, mweusi, umekandamizwa, una alama za pembe za matofali. Mutalemwa alishika tofali la mwisho la upande wake, akainua mguu ili apite karibu na mti, kisha akauacha mguu umening'inia.

"Kichwa kiko upande gani?" aliuliza.

Restuta aliweka chini matofali aliyoshika.

"Nisije nikamkanyaga," Mutalemwa alisema. "Kichwa kiko huku, au kwenye mibuni?"

"Sijui, Baba Aine."

"Hujui?"

"Nilikuwa ndani. Mwanamke aliyejifungua karibuni alikuwa hatoki nje. Nilisikia jembe tu, likapiga mara chache, halafu likanyamaza. Mama yako aliniambia ni pale juu, karibu na mbuni wa pili. Niliupanda mti kwa kukisia." Alifuta mikono kwenye khanga, akaifuta tena. "Mibuni yenyewe ilikatwa mingine. Inawezekana ni hapa. Inawezekana si hapa."

Mutalemwa alishusha mguu polepole mahali pale pale ulipotoka. Alitazama udongo kulia, akatazama kushoto, akautazama ule wa kule kwenye mibuni na ule wa chini ambako msingi ulikuwa umechimbwa. Kisha akaliweka tofali kwapani, akavua viatu, na akaanza kurudi nyuma kwa vidole, na Restuta akamfuata vile vile, wala hakuna kati yao aliyejua ni wapi pa kukanyaga.